Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa TEHAMA: uondoe waraka wa +=

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa TEHAMA,
Lamu.

Mheshimiwa,

Waraka wako wa kutuamuru tuandike makro zote (amri za kuifanya Excel ijumlishe yenyewe) kwa alama za mkato, += (ongeza juu ya kilichopo) na wenzake, ulifika, ukasomwa, ukatiiwa. Matunda yake ni jumla ya ushuru wa soko wa Alhamisi: shilingi 150. Stakabadhi ya mwisho ya siku hiyo ilikuwa ya shilingi ngapi? 150.

VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel, haina +=. Haina -=, &= wala ++. Ukiandika jumla += kiasi, mstari unageuka mwekundu papo hapo na makro haiendi. Alama za += na -= zilikuja na VB.NET, lugha nyingine ya ukoo huo, mwaka 2002. VBA, iliyoingia Excel mwaka 1993, ilibaki ilivyo. Huenda mwandishi wa waraka aliwachanganya ndugu hawa wawili, au alizoea Google Sheets, ambako makro ni JavaScript na += ni halali. Vyovyote iwavyo, sahihi ni yako.

Makarani hawakubisha. Walizigeuza alama tu: jumla =+ kiasi. Wekundu ukaondoka, watu wakashusha pumzi. Kumbe VBA hapo inaona alama ya usawa, kisha kiasi chenye ishara ya kujumlisha mbele yake. Haijumlishi kitu. Kila mzunguko unafuta kilichokuwemo na kuweka kipya, kwa hivyo stakabadhi za 300, 450 na 150 zinatoa 150 badala ya 900, wala hakuna onyo. Afadhali ule wekundu.

Kinachokukera twakijua: jumla = jumla + kiasi ni refu, na jina linaloandikwa mara mbili ni rahisi kukosewa. Kweli. Ukiandika jumla = jumal + kiasi, VBA inajiundia jumal mpya, tupu, nawe unarudi kwenye 150 ile ile. Dawa ni kuweka Option Explicit juu kabisa ya kila moduli (ukurasa wa kuandikia makro), ili jina lisilotangazwa kwanza kwa neno Dim likataliwe mapema. Anayetaka ufupi na aandike hivi:

Sub Ongeza(ByRef a As Currency, ByVal b As Currency)
    a = a + b
End Sub

Kisha aite Ongeza jumla, kiasi. Mabano asitie: Ongeza (jumla), kiasi hupeleka nakala, na jumla yenyewe haiguswi. Cells(r, 4).Value, yaani thamani ya seli, nayo hupita kama nakala. Jumla itangazwe As Currency, aina ya namba za fedha. Integer, aina ya namba nzima, inaishia 32,767, ikizidi hapo makro inakatika. Na "1,500" iliyoingizwa kama maandishi isipitishwe kwenye Val ili igeuzwe namba, maana Val husimama kwenye koma ikarudisha 1. CCur ndiyo yake.

Mafunzo ulituahidi baada ya Idd. Idd ipi, Mheshimiwa, hukusema, zimeshapita mbili. Makarani wanajumlisha kwa kikokotoo hadi adhana ya Magharibi, na mwenye kibanda anaulizwa pesa ziko wapi ilhali stakabadhi anayo mkononi.

Tunaomba waraka uondolewe. Kompyuta mpya hatujaomba, mafunzo tumeacha kuyataja. Uondolewe leo. Ikiwa kuuondoa wote ni aibu, basi futa ule mstari wa pili tu, wenye +=. Huo mmoja, Mheshimiwa.

Sisi waandishi wa makro,
Chumba cha hesabu