Zeze na ilimba vipewe kazi kwenye filamu zetu, visiwe mapambo

Ndugu Mhariri,

Filamu ya Kitanzania inapochambuliwa magazetini, waigizaji husifiwa au hukosolewa, hadithi hupimwa, hata mavazi husemwa. Muziki hutajwa pale tu unapofunika maneno ya waigizaji. Sisi wapenzi wa muziki wa filamu wa hapa Dodoma, baadhi yetu watu wa studio na wengine wasikilizaji tu, tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tulisemee jambo hili. Mkoa huu una ala zinazoweza kubeba filamu nzima, kama zeze la kupigwa kwa upinde na ilimba, sanduku la vyuma vya kupigwa kwa vidole, lakini mara nyingi husikika sekunde kumi pale picha ya kijiji inapotokea, kisha kibodi inarudi na mambo yanaendelea kama kawaida.

Tuanze na muziki tunaoupenda, maana humo ndimo tulimojifunza. Tukibishana nani bingwa, wengi wetu humtaja Ennio Morricone wa Italia. Kwenye The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, wahusika wakuu watatu wanagawana kipande kimoja kifupi cha muziki: mmoja amepewa filimbi, wa pili okarina (filimbi ndogo ya udongo), wa tatu sauti za watu. Kipande ni kilekile, ila ala imebadilika, na sikio linajua nani amefika kabla jicho halijamwona. Bernard Herrmann naye, kwenye Psycho ya mwaka 1960, alitumia ala za nyuzi peke yake, bila ngoma wala tarumbeta. Ala chache zenye kazi maalumu zinatosha, na kwa bajeti zetu hiyo ni habari njema.

John Williams anasifiwa kwa zile noti mbili za besi kwenye Jaws, filamu ya papa mla watu ya mwaka 1975. Sisi tunazisifu zaidi pale zisipopigwa. Kuna tukio ambapo watoto wawili wanawatisha watu ufukweni kwa pezi la bandia, na muziki wa papa hausikiki kabisa. Mtazamaji anazoea kwamba muziki haumdanganyi. Baadaye papa halisi anaibuka bila muziki wowote, na ukumbi mzima unashtuka kwa sababu ulishauamini ule muziki. Mtunzi anayeweka muziki wa hofu kila mlango unapofunguliwa amejinyima silaha hiyo tangu dakika ya tano.

Kwa upande wa Afrika, wengi wetu tunaipenda The Lion King ya mwaka 1994, na ile sauti ya Lebo M inayofungua filamu haijazeeka. Lakini angalia: nyika ni za Afrika Mashariki, majina ni Simba na Rafiki, sauti ni za Kizulu. Lebo M alileta alichokijua kutoka kwao Afrika Kusini na alifanya kazi nzuri. Swali linabaki kwetu: nyika hizi za kati zina sauti gani, na nani ataipeleka kwenye filamu? Ludwig Göransson, raia wa Sweden, alipotunga muziki wa Black Panther ya mwaka 2018, alikwenda kwanza Senegal, akasafiri na mwanamuziki Baaba Maal, akarekodi tama, ile ngoma ndogo ya kwapani inayopanda na kushuka kama sauti ya mtu anayesema. Tama ikapewa kazi ya kumtangaza mfalme wa hadithi hiyo, na okestra ikajengwa kuizunguka. Mwaka 2019 alipata Oscar. Hapa nyumbani, Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyotungiwa muziki na Amine Bouhafa wa Tunisia, ilionyesha kwamba taarabu ikitoka ndani ya hadithi, Zanzibar inasikika hata ukifumba macho.

Ugogo haujapata filamu ya namna hiyo. Si kwamba muziki wake haufai studio. Hayati Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba na zeze, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, alitoa mwaka 2002 albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mtunzi ambaye pia hutunga muziki wa filamu. Humo ilimba na gitaa la umeme vinakaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Anayetaka kujua inawezekanaje aisikilize albamu hiyo kwa hedifoni, mara mbili.

Sasa tuseme kazi yenyewe, kwa wanaotengeneza filamu na kwa vijana wa studio.

Muziki usianze kutungwa kabla picha haijafungwa, yaani kabla mhariri wa filamu hajasema hakuna mkato utakaobadilika tena. Ukikata sekunde mbili tu baada ya muziki kutungwa, kila pigo lililolengwa kwenye tendo linaangukia pasipo pake. Picha ikishafungwa, mwongozaji na mtunzi wakae waiangalie yote, waandike muziki unaanzia wapi, unaishia wapi, na kwa nini upo. Mahali pasipo na jibu la kwa nini, pasiwe na muziki.

Baada ya hapo ni hesabu. Tuseme mtu anakimbizwa, na mlango unafungwa kwa kishindo sekunde ya 32.4. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo linachukua sekunde 0.6, kwa hiyo kishindo kinakuja baada ya mapigo 54, katikati ya baa ya 14, yaani fungu la 14 la mapigo, kama mnahesabu nne nne. Hapo kinasikika kama ajali. Shusheni mwendo hadi 96.3, na kishindo kinakuja baada ya mapigo 52, kwenye pigo la kwanza kabisa la baa hiyohiyo. Mtazamaji hatasikia kwamba mwendo umepungua, ila mwili wake utasikia kwamba mlango umefungwa kwa wakati.

Kundi la muheme, ngoma ya Kigogo, haliwezi kufungiwa kirahisi mashine ya mapigo, ile inayolia masikioni kuhesabu mwendo. Mpeni hedifoni kiongozi wa ngoma peke yake, sikio moja, wengine wamfuate yeye kama walivyozoea. Au fanyeni kinyume: rekodini ngoma kwanza, kisha pigeni picha huku ikisikika. Morricone na mwongozaji Sergio Leone walifanya hivyo kwenye Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968. Muziki ulitungwa mapema na waigizaji walitembea nao. Kwa tukio la ngoma au mwendo wa watu wengi, hiyo ndiyo njia bora, na haina gharama ya ziada.

Ilimba inahitaji uangalifu wa pekee, na hapa ndipo tunaposikia makosa mengi. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi juu yake, na tundu lililofunikwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaotoa ule mvumo unaofuata kila noti. Fundi asiyeijua ala hudhani ni kelele ya maikrofoni, anaufuta kwa programu ya kusafisha sauti, na kinachobaki ni vyuma vikavu ambavyo Mgogo yeyote akivisikia atauliza ni ala gani hiyo. Tena kwenye ilimba kubwa kuna vyuma visivyopigwa kabisa. Kazi yake ni kuitikia vingine vinapolia. Mkia wa sauti unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka unatoka huko. Ukiweka kifaa cha kukata sauti ndogo, mkia huo unakatwa na muziki unakuwa na kigugumizi. Kwa hiyo msisafishe. Wekeni maikrofoni sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye tundu, kwa upande kidogo ili pumzi ya mpigaji isiingie, na sauti ya juu kabisa isizidi desibeli -12 kwenye mita ya sauti. Mkimaliza, rekodini sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, kwa ajili ya kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Kosa jingine ni kuilazimisha ilimba ifuate kibodi. Sauti za Kigogo zimepangwa kwa kufuata harmoniki, yaani zile sauti za juu zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya 4 hadi ya 9 au ya 10. Kibodi imepangwa kwa namna nyingine. Tukigawa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya kibodi, kwa senti 100, harmoniki ya 5 iko chini ya noti ya kibodi kwa senti 14 hivi, na ya 7 iko chini kwa senti 31. Ndiyo maana kibodi ikiwekwa juu ya ilimba, mtu husema ilimba haiko sawa. Iko sawa kabisa. Rekodini ilimba kwanza, pimeni sauti yake ya msingi kwa programu ya simu, kisha badilisheni kibodi: yote ifuate msingi huo, noti ya tatu kutoka msingi (ndiyo harmoniki ya 5) ishuke senti 14, ya saba ndogo (ndiyo harmoniki ya 7) ishuke senti 31. Kama programu yenu haiwezi, kibodi ishike sauti ya msingi na ya tano tu, ambayo tofauti yake ni senti 2 na hakuna sikio litakalolalamika. Programu ya kunyoosha sauti isiguse ilimba wala waimbaji.

Zeze lina tabia nyingine. Linapigwa kwa upinde, sauti haikatiki, na linatembea palepale inapotembea sauti ya binadamu. Likiwekwa chini ya mazungumzo linagombana nayo, na mchanganyaji akilishusha sana linageuka mlio wa mbu. Basi lipewe nafasi yake: mtu anapotembea peke yake, au msibani baada ya maneno kwisha. Chini ya mazungumzo wekeni ilimba, maana noti yake inapigwa na kufifia, na maneno yanapita katikati. Hata hapo, muziki ukae desibeli 12 hadi 18 chini ya sauti ya mwigizaji, na upunguzwe desibeli 2 hadi 4 kati ya 1 kHz na 4 kHz, mahali ambapo konsonanti hueleweka. Kisha sikilizeni kwa spika ya simu, kwa kuwa watazamaji wengi wako huko. Besi ya ngoma itapotea yote. Mkisikia bado kofi la ngozi, mko salama.

Kuhusu mahali pa kurekodia, upepo wa Dodoma haujali sponji ndogo ya maikrofoni. Nje tumieni kifuniko cha manyoya na mwondoe sauti nzito zote zilizo chini ya 80 Hz kwa zeze na sauti za watu, lakini si kwa ngoma. Ndani, magodoro na mablanketi ukutani yanatosha, ila bati hulia likipata joto na likipoa, kwa hiyo mchana na jioni ya mapema si muda mzuri. Alfajiri ndiyo bora, kabla ya bodaboda.

Faili za sauti ziwe za 48 kHz, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde, na biti 24. Studio nyingi za muziki hufanya kazi kwa 44.1 kHz, na faili hiyo ikisomwa kama ya 48 bila kugeuzwa, inakimbia. Muziki wa dakika mbili unaisha kama sekunde 10 mapema na unapanda karibu nusu toni moja na nusu. Ukisikia waimbaji wamekuwa watoto, angalia hapo kwanza.

Wimbo wenye maneno ya Kigogo usiwekwe kabla mtu anayekijua hajautafsiri wote. Wimbo wa harusi ukipigwa kwenye mazishi, mtazamaji wa Dar es Salaam hatajua, lakini wa Mpwapwa na Bahi watashtuka, na watakuwa na haki. Ngoma nyingine ni za jando na si za kupigwa popote; waulizwe wazee kabla ya kurekodi, si baada ya filamu kutoka.

Wapigaji nao wana haki zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia mpigaji kwa kile alichokipiga. Makubaliano yaandikwe kabla maikrofoni haijawashwa: malipo ni kiasi gani, rekodi itatumika kwenye filamu hii tu au na nyingine, na matangazo je? Mwisho wa filamu yasiandikwe maneno mawili tu, "nyimbo za asili". Liandikwe jina la mpigaji, kundi lake na kijiji chake. Wanaotafuta wapigaji waanzie Chamwino, ambako kuna tamasha la muziki wa Kigogo na makundi ya rika zote hukutana.

Kwako Mhariri tuna ombi moja. Waandishi wako wanapochambua filamu, wataje jina la mtunzi wa muziki kama wanavyotaja la mwongozaji, na waseme muziki ulifanya kazi wapi na ulikosea wapi, kwa dakika. Watunzi wanasoma gazeti hili, nasi tuko tayari kuwasaidia waandishi wako kusikiliza.

Wapenzi wa muziki wa filamu,
Dodoma