Wanangu wa mkesha, umeme ukikatika tunabaki na nani?

Wanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Nimesita wiki mbili kuandika barua hii, maana mzee akitia neno kuhusu mkesha wa vijana, vijana husema ameanza kuchoka. Kuchoka nimechoka kweli, siku hizi hata kupiga magoti napiga kwa kushikilia kiti. Ila si hilo lililonisukuma.

Ijumaa ile umeme ulipokatika saa saba usiku, nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake: kinanda kimepanda, wengine wako sakafuni, wengine wanalia, na kiongozi ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba uwepo umeshuka. Mara, giza. Spika zikafa. Kwa dakika moja mliendelea kwa nguvu za koo. Baadaye sauti zikabaki moja moja. Kufika dakika ya kumi niliwaona nyuso vizuri sana, kwa sababu zilikuwa zinamulikwa na simu. Mtu akauliza, "Jenereta iko wapi?" Na pembeni mwa mlango, bibi yule anayefagia kanisa alikuwa anaomba kwa sauti ileile aliyoanza nayo saa tatu, ya chini, kama anayeongea na mtu aliyekaa naye benchi moja. Sidhani hata alijua kwamba umeme umekatika.

Sikuwacheka. Nilijiona mwenyewe. Katika umri wenu nilikuwa mtu wa kuzunguka mikutano. Nikisikia kuna mhubiri anayepunga koti watu wakaanguka, nipo. Nimeanguka mara nyingi, na mara nyingine, niseme kweli, nilianguka kwa kuwa wa kulia na wa kushoto walishaanguka, na kubaki umesimama peke yako kunatia aibu. Jumapili nalia madhabahuni, Jumanne mke wangu ananiuliza jambo dogo la matumizi ya nyumbani, namjibu kwa ukali uleule wa miaka yote. Siku moja, akikunja nguo, aliniambia bila kuinua macho, "Baba, huyo Roho unayekutana naye huko, siku moja na aje nawe hadi hapa." Nilinuna wiki nzima.

Msije mkadhani napinga machozi au karama. Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na siku ya Pentekoste watu walidhaniwa wamelewa. Paulo mwenyewe anawaambia Wakorintho kwamba ananena kwa lugha kuliko wao wote, ila kanisani angependa kunena maneno matano yanayoeleweka kuliko maneno elfu kumi ya lugha. Ninachokiogopa ni njaa ya msisimko kujiita njaa ya Mungu. Njaa hiyo haishibi. Mhubiri wa mwaka jana hatoshi mwaka huu, anatafutwa mkali zaidi, na hapo ndipo wauza mafuta na maji ya upako wanapopata wateja. Simoni wa Samaria, yule mchawi, naye aliwatolea mitume fedha, kwa sababu alizitaka nguvu bila kumtaka Mwenye nguvu.

Wale watu waliolishwa mikate mitano na samaki wawili walimfuata Yesu hadi ng'ambo ya ziwa. Kwa macho yetu huo ni uamsho mkubwa. Yeye akawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Alipoanza kusema maneno magumu, wengi wakarudi nyuma. Petro hakudai kwamba anaelewa. Aliuliza, "Bwana, twende kwa nani?"

Iko zaburi moja fupi, ya 131, ambayo nawaomba mkae nayo. Ina mistari mitatu tu. Daudi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Kwa miaka mingi niliipita bila kuona neno hilo: aliyeachishwa. Mtoto anayenyonya akipakatwa hatulii, anahangaika, anavuta nguo, anatafuta ziwa, akilikosa analia kana kwamba mama mwenyewe hayupo. Aliyeachishwa hupanda mapajani, akalaza kichwa, akanyamaza. Hakuna anachotafuta pale isipokuwa mama. Na hakufika hapo kwa raha. Kuachishwa ziwa kuna usiku wa vilio, na katika usiku huo mtoto huamini kwamba mama ameacha kumpenda. Wengi wenu mnaoniambia "Mzee, moto umepoa, sisikii kitu nikiomba," mnakimbilia haraka kutafuta nani awaombee uwashwe tena. Huenda hakuna kilichoharibika. Huenda mnaachishwa.

Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa karibu nusu karne hakuuhisi uwepo wa Mungu isipokuwa kwa vipindi vifupi. Aliendelea kuomba, aliendelea kuwahudumia wanaokufa. Najua kuna mtakaonuna kwa kuwa alikuwa Mkatoliki. Nuneni, kisha mfikirie.

Mimi somo langu lilikuja mke wangu alipougua. Miezi minane. Nilishika beseni, nilibadilisha shuka, na usiku nilimsomea zaburi kwa sauti ya kukwaruza. Sikusikia moto, sikuona maono, hakuna aliyenitabiria. Nilichoka hadi maombi yangu yakawa "Bwana, niko hapa" na kusinzia. Lakini ule ukali ambao mikutano yote ile haikuuondoa, sikuukuta tena. Sijui uliondoka usiku gani. Yeye ndiye aliyeuona kwanza. Aliniambia, "Siku hizi amekuja nyumbani," na nilielewa anamsema nani.

Nabii Eliya aliomba moto ukashuka mlimani Karmeli, na mara baada ya hapo, kwa tishio la mwanamke mmoja, alikimbia hadi jangwani, chini ya mti uitwao mretemu, akaomba afe. Ushindi ule haukumbeba hata siku chache. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha, kwenye mlima Horebu, upepo ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Huyu ni mtu aliyezoea moto. Angeweza kusema huu siyo mkutano, akaondoka. Alifunika uso wake kwa vazi, akatoka kusikiliza.

Basi nawaomba jambo moja. Ijumaa ijayo, saa sita hadi saa sita na nusu, tuzime kinanda na spika wenyewe, bila kungoja umeme ukatike. Simu zikae kwenye kikapu mlangoni. Kila mtu na Biblia yake na Zaburi ya 131. Hakuna atakayeongoza. Nimemwomba yule bibi wa ufagio akae nasi, amekubali, ingawa ameshangaa kwa nini anaombwa. Atakayelia, alie. Atakayesinzia tutamwacha, hata Eliya alilala. Mimi mwenyewe naweza kuwa wa kwanza, basi atakayekaa karibu nami aniguse bega saa sita na nusu ikifika.

Mzee wenu wa kiti cha nyuma