Vinu vya maji vitangazwe turathi kabla havijauzwa kwa kilo

Mhariri,

Yakitajwa majengo ya kale hapa Kenya, macho yote huelekea Pwani, kwenye Fort Jesus na magofu ya Gedi. Naomba nafasi nivisemee vinu vya maji vya huku Magharibi, vilivyosaga mahindi na wimbi kabla mashine za dizeli hazijaenea vijijini.

Wamisionari wa dhehebu la Kikristo la Quaker kutoka Marekani walipofika Kaimosi mwaka 1902, walitafuta mahali penye maporomoko, kwa kuwa misheni yao ilikuwa pia ya kufunza ufundi. Mto Goli Goli ukawaendeshea msumeno wa kupasulia mbao na mawe ya kusaga. Baadaye Waafrika nao wakajenga vinu vyao.

Ninachokijua mimi kiko kijitoni, chini ya kwetu Hamisi. Marehemu baba ndiye aliyekuwa akichonga mawe yake. Maji yalikingwa juu mtoni, yakapitishwa kwenye mfereji ulioambaa kilimani kwa mteremko mdogo sana, hata ukifika kinuni unakuwa juu ya paa. Hapo yalimwagika juu ya gurudumu na kujaza visanduku vyake vya mbao, na uzito wa maji ndio uliolizungusha. Mwaka 1759 fundi Mwingereza John Smeaton alionyesha kwa vipimo kwamba gurudumu la namna hiyo hutoa nguvu takribani maradufu ya lile linalosukumwa na mkondo kwa chini. Wazee wetu walichagua lililo bora, nami najivunia hilo.

Ndani, jiwe la chini limetulia, la juu ndilo huzunguka. Baba alichimba mifuo kwa tindo kutoka kitovuni hadi ukingoni, ili unga upate njia ya kutokea na hewa ya kuupoza. Mawe yakigusana, unga hunuka moto. Kwa hiyo msagaji aliusugua kwa kidole gumba, akasikiliza, kisha akaliinua jiwe kwa kabari, kidogo tu. Fremu nzima imeungwa kwa ndimi na matundu, bila msumari. Mimi ni seremala mstaafu, na kazi safi kama ile nimeiona mara chache.

Leo mfereji umepandwa nduma, na wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kuulizia mhimili wa gurudumu.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa vya kale vifaa vya kabla ya 1895, na vinu vyetu havifikishi umri huo. Lakini sheria hiyo hiyo inampa waziri mamlaka ya kutangaza na kulinda jengo la umri wowote, hata kwa thamani ya teknolojia yake. Katiba nayo imezikabidhi kaunti kazi ya makavazi. Basi Vihiga, Kakamega na Bungoma zitume watu wavipige picha vinu vilivyosalia, wachukue vipimo, wawahoji wazee waliovifanyia kazi, kisha wapeleke maombi kwa waziri mwaka huu huu.

Tindo za baba bado ninazo. Chuo chochote cha ufundi kikiniita, nitakuja nazo niwafundishe vijana kuchonga jiwe la kinu.

Seremala mstaafu,
Hamisi, Vihiga