Betri za miujiza huishia wapi?

Mhariri,

Wasomaji wanaouliza kwa nini ile betri "inayojaa kwa dakika tano" inayotangazwa magazetini haifiki madukani wana haki ya kuuliza. Betri ya maabara mara nyingi ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Ya gari la umeme ina seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa, mamia, pengine maelfu, na moja ikiharibika huziponza nyingine.

Halafu kuna hesabu. Tuseme kila mzunguko wa kuchaji na kutumia unapoteza asilimia 1 tu ya lithiamu iliyobaki, ile metali nyepesi inayobeba chaji ndani ya betri. Inasikika safi, sivyo? Baada ya mizunguko 100 imebaki takriban asilimia 37. Na betri yenye lithiamu ya metali yenyewe ikichajiwa haraka, lithiamu hiyo huota vimiba kama sindano, vikatoboa ule utando mwembamba unaotenganisha pande mbili, betri ikapiga shoti.

Si kwamba yote ni porojo. Utafiti wa betri za lithiamu za kuchaji ulishika kasi miaka ya 1970. Sony wakaingiza betri ya lithiamu-ioni, aina iliyomo kwenye simu zetu, sokoni mwaka 1991.

Basi gazeti likitangaza uvumbuzi, lituambie: seli ilikuwa na ukubwa gani, imechajiwa mara ngapi, kwenye joto kiasi gani?

Msomaji wenu