Msiseme makumbusho ya Wayahudi hayatuhusu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu mmoja anayeuliza Wajerumani wanamwaga hela za nini kwenye makumbusho ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler zamani hivyo, akamalizia kwamba hata hivyo hayo ni mambo ya wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mimi naishi Berlin na nafanya kazi huku, hiyo barua imeniuma, naomba nafasi nijibu.

Watu wanaoweza kusimama wakasema nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, wanaisha. Aliyekuwa na miaka 10 siku Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani kule Poland, inakombolewa, Januari 27, 1945, leo kavuka 90. Wakishaondoka hao vinabaki viatu, masanduku, karatasi na magofu, na hivyo vitu vinaoza kama kitu kingine chochote, bila hela na mafundi havidumu. Tena wauaji wenyewe walitaka visibaki, pale Birkenau, sehemu ya kambi hiyo hiyo, walilipua majengo ya kuulia watu kwa gesi kabla ya kukimbia, na mpaka leo wapo watu mtandaoni wanasema eti hakuna kilichotokea. Sasa tukiacha hata hayo magofu yafukiwe na majani tunamsaidia nani?

Huku Berlin kuna lile eneo la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, nguzo za zege 2,711 karibu na lango la Brandenburger Tor, wageni wengi wanapiga picha juu wanaondoka, naomba Mtanzania akifika ashuke kule chini ambako kuna chumba wanasoma majina ya waliouawa na historia fupi ya kila mmoja, na ukitaka kuwasoma Wayahudi wote milioni 6 kwa mtindo ule itachukua zaidi ya miaka sita. Lakini kinachonigusa mimi kuliko vyote ni mawe madogo ya njiani, Stolpersteine, aliyoyaanzisha msanii Gunter Demnig miaka ya 1990. Ni kipande cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 kimechimbiwa kwenye lami mbele ya mlango, herufi zimegongwa kwa mkono moja moja: hapa aliishi fulani, kazaliwa mwaka fulani, kachukuliwa tarehe fulani, kapelekwa wapi, kauawa. Mtaani kwangu yapo manne mlango mmoja, baba, mama na watoto wawili, wa mwisho kazaliwa 1939 kachukuliwa 1943, wote Auschwitz. Yaani unatoka dukani na maziwa yako unaelewa kabisa kwamba hawa walikuwa majirani, walipanda ngazi hizi hizi, na kuna mtu ghorofa ya chini aliwaona wanatolewa. Mwaka 2023 mawe hayo yalifika 100,000, yametapakaa Ulaya.

Sio wote wanayapenda, na sababu zao ni za kuheshimu. Mama Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa München ambaye mwenyewe alinusurika akiwa mtoto kwa kufichwa kijijini, anasema majina ya marehemu hayakanyagwi, na mji ule ukakataa yasiwekwe kwenye barabara zake, wanaweka vibao ukutani. Mi nipo upande wa mawe, maana yamewafuata walipoishi, ila nashukuru kuna mji watu wanabishana namna ya kuheshimu badala ya kusema yaishe.

Shaba inapiga weusi, kwa hiyo kila Novemba 9 majirani wanatoka na vitambaa na dawa ya shaba wanapiga magoti wanasugua, kwa sababu usiku wa tarehe hiyo mwaka 1938 masinagogi, yaani nyumba za ibada za Wayahudi, yalichomwa Ujerumani nzima. Sinagogi kubwa la Oranienburger Straße liliokolewa usiku ule na ofisa wa polisi Otto Bellgardt aliyewafukuza wachomaji, baadaye likaja kupigwa na mabomu ya vita, leo kuba lake la dhahabu limerudishwa na ndani ni makumbusho ya maisha ya Wayahudi wa Berlin, sio vifo tu, na hilo ni muhimu sana maana watu hawa walikuwa na ndoa, maduka, magazeti na nyimbo kabla ya Hitler.

Na kuhusu hayatuhusu. Nenda Brunnenstraße namba 193, kuna jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimwita Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, askari wa Mjerumani akiwa bado mtoto, akaja Berlin 1929 kudai mishahara, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke mzungu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Hakuwa Myahudi, lakini sumu ya ubaguzi wa damu iliyowaua Wayahudi ndo hiyo hiyo iliyomuua yeye, na jina lake tumetunziwa na watu huku wakati kwetu shuleni sikuwahi kulisikia.

Naomba gazeti lenu Novemba 24 mtoe ukurasa mmoja wa habari zake, na wasomaji mlioko Berlin, jiwe liko karibu na stesheni ya Rosenthaler Platz, mnashuka mnatembea kidogo tu.

Msomaji wenu,
Berlin