ADHD haiishii darasa la saba

Ndugu Mhariri,

Kila ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuutawala umakini wake na kujizuia, inapoandikwa magazetini, anayezungumziwa ni mtoto asiyetulia darasani. Mimi nina miaka 43, ni karani wa hesabu, natulia kitini kutwa nzima, na ninayo. Naomba nafasi niwasemee watu wazima.

Nikianza kulinganisha ankara na daftari la malipo, za mwanzo zinakwenda vizuri. Muda ukisogea, macho yanabaki kwenye tarakimu lakini hayasomi. Pazia likitikisika, yameshafika dirishani kabla sijaamua. Ndiyo maana naweka rula chini ya kila mstari, nikirudi nijue nilipoishia. Lakini hesabu zikigoma kufunga kwa shilingi mia tano, naweza kuisaka hiyo mia tano mpaka chai ipoe mezani bila kuigusa. Hapo ndipo wakubwa wa kazi husema, "Kumbe ukitaka unaweza!" Maneno hayo yameniumiza kuliko barua ya onyo.

Kutaka tunataka. Watafiti wamewapima watu wazima wenye ADHD kwa kuwaambia wasiangalie taa inayowaka ghafla pembeni. Macho yao huirukia mara nyingi zaidi kuliko ya wenzao. Wakipewa kazi ya kubonyeza kitufe kila alama inapotokea kwenye skrini, majibu mengi huja haraka kama ya mtu yeyote, kisha moja huchelewa mno, bila mpangilio. Anayeona yale ya haraka tu atasema huyu mtu anafanya makusudi.

Daktari aliyenipima aliomba ripoti zangu za shule ya msingi, kwa sababu dalili lazima ziwe zilianza utotoni. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, wa mwaka 2013, unasema kabla ya miaka 12. Ripoti hizo Mama alikuwa bado anazo, kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda. Mwalimu aliandika: "Akili anazo, hajitumi."

Waajiri, mruhusuni mtu wa namna hii aelekeze meza ukutani, agawe kazi vipande vifupi, na asirundikiwe ulinganishi wote mwisho wa mwezi. Hayo hayahitaji bajeti. Nanyi madaktari, mtu mzima akilalamika kwamba kazi zinamshinda katikati, muulizeni na habari za utoto wake kabla ya kumwambia akapumzike.

Karani wa hesabu,
Tanga