Malalamiko kuhusu bili ya mama yetu inayopanda kila mara

Kwa Meneja wa makao ya wazee, nakala kwa uongozi wa kampuni

YAH: MALIPO YA MAMA YANGU, MKAZI WENU

Habari za kazi. Naandika kuhusu bili ya mama ambayo imepanda tena mwezi huu, na safari hii naomba majibu ya maandishi, sio kupigiwa simu kwamba mtalifuatilia alafu kimya. Niseme mapema kabisa kwamba sina neno na wale kina dada na kaka wanaomuogesha na kumvalisha, wanafanya kazi kubwa na ni wachache mno kwa idadi ya wazee waliopo, na mama anawapenda. Malalamiko yangu ni kwa ofisi na kwa waliotuuzia chumba.

Tulivyokuja kutembezwa tuliuliza swali moja tu, kwa mwezi itakuwa kiasi gani kila kitu kikiwa ndani. Tukatajiwa bei ya chumba. Tukauliza na matunzo je, tukaambiwa mama yenu bado ana nguvu ataanza ngazi ya chini kabisa, na tena kwa kuwa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ndo ilikuwa inalipa kule kituoni alikokuwa anafanyiwa mazoezi ya nyonga basi itasaidia na huku pia. Hapo ndo pananiuma sana. Medicare ililipa kule kwa sababu mama alikuwa amelazwa hospitali zaidi ya siku 3 na bado alihitaji manesi na wataalamu wa mazoezi kila siku, na hata hapo kuna kikomo, mwisho siku 100, zile 20 za kwanza hulipi chochote na kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia kila siku. Lakini kwa makao kama yenu, yani chumba, chakula na mtu wa kukusaidia kuoga na kuvaa, Medicare hailipi. Mtu ambae kazi yake ni kuuza vyumba vya wazee analijua hilo, na familia iliyokaa mbele yake na mgonjwa anaetakiwa kutoka kituoni wiki hiyo hiyo haina muda wa kwenda kusoma sheria, inamuamini yeye.

Kuna na jingine zito zaidi. Mwenzenu huyo huyo alimshauri mdogo wangu kwamba pesa ya nyumba ya mama tuliyouza tuihamishie kwenye majina yetu ili baadae mama aonekane hana kitu na Medicaid, ule mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu wasio na uwezo, ichukue mzigo. Tunashukuru tulimuuliza mwanasheria kabla. Karibu majimbo yote Medicaid inaangalia miaka 5 nyuma, ikikuta mzee aligawa mali yake anapigwa kipindi cha kutolipiwa, na hata pale jimbo linapokuwa na mpango wa kulipia matunzo kwenye makao kama yenu, kodi ya chumba na chakula Medicaid hailipi. Yani tungemfuata yule bwana mama angebaki hana pesa na hana msaada. Nataka kujua nani anawafundisha hawa watu na kwa nini wanaruhusiwa kutoa ushauri wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye pointi. Mkataba unasema matunzo yatalipwa kulingana na tathmini ya nesi, kuoga pointi kadhaa, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani, kupewa dawa, zinajumlishwa unapangiwa ngazi. Kama mfumo siupingi, mzee anaehitaji msaada mwingi lazima agharimu zaidi. Ila tathmini ya mama haikufanywa kabla hajahamia kama mlivyoahidi, ilifanywa akiwa tayari ndani, vyombo vimeshapangwa, nyumba yake imeshauzwa na ada ya kujiunga isiyorudishwa mmeshaichukua. Na ilifanywa akiwa mgonjwa. Siku hizo alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na kila anayelea wazee anajua U.T.I. inaweza kumchanganya bibi akawa haelewi hata ni saa ngapi, nesi akamkuta hajui mlango wa bafu uko wapi akaandika anahitaji kuelekezwa kila kitu mchana na usiku. Wakampandisha ngazi mbili kwa mpigo. Akapewa antibiotiki akapona, akili ikarudi sawasawa, anavaa mwenyewe, anaenda kula mwenyewe na kitembezi chake, lakini bili ikabaki pale pale kama vile bado anaumwa. Nimeomba arudiwe kupimwa, naambiwa foleni. Kupandisha hakukuwa na foleni.

Na kilichopanda mwezi huu hata sio matunzo, ni usafiri. Tulichagua makao ya huku nje ya mji kwa sababu ni karibu na kwangu, kumetulia, na mkatuambia kuna gari la kupeleka wakazi kwa daktari na kanisani, limo ndani ya bei. Huku hakuna basi, barabara nyingi hazina hata sehemu ya kutembea kwa miguu, mzee asieendesha gari bila hilo gari lenu amefungiwa ndani, sio mgeni tena ni mfungwa. Saivi kila safari inalipiwa na mtu wa kumsindikiza analipiwa kivyake. Mama ameanza kuahirisha kliniki ya macho ili kupunguza gharama, hakuniambia, nimejua baada ya kliniki kunipigia. Hilo ndo lililonifanya nikae niandike barua hii badala ya kuendelea kupiga simu.

Mwisho mmenitumia tena fomu ya kusaini kama mdhamini wa malipo yake. Siisaini. Nyumba za uuguzi zinazopokea Medicare au Medicaid sheria ya nchi nzima inazikataza kumlazimisha ndugu awe mdhamini ndo mzee apokelewe. Najua nyie mnasimamiwa na jimbo na sheria hiyo inazungumzia nyumba za uuguzi, lakini mama alishapokelewa na mkataba wake upo, hamna kipengele kinachonitaka nidhamini. Mimi nina hati ya kisheria ya kushughulikia mambo yake, nasaini kwa niaba yake na nalipa kwa pesa zake, basi.

Ninachoomba ni hivi. Mama apimwe upya ndani ya wiki hii na mimi nikiwepo, na nipewe karatasi inayoonyesha kila pointi imetoka wapi. Tofauti mliyomtoza tangu daktari alipoandika kwamba amepona irudishwe, barua ya daktari nimeiambatanisha. Gari la kwenda kwa daktari lirudi kwenye bei kama lilivyoandikwa kwenye ile karatasi mliyotupa siku ya kutembezwa, nayo nimeambatanisha nakala, ina mwandiko wa mtu wenu. Na ada yoyote mpya tupewe taarifa ya maandishi mapema, sio tuikute kwenye bili.

Nisipopata majibu hadi mwisho wa mwezi napeleka faili lote kwa ombudsman wa wazee wa jimbo letu, yani mtetezi anaepokea malalamiko ya wakazi wa makao kama haya, kila jimbo anae na huduma yake ni ya bure, pamoja na idara inayowapa leseni. Sina nia ya kumhamisha mama, ameshapata rafiki wa kucheza nae karata pale na kuhama tena kwa umri wake kutamvuruga. Ila sitakubali hiyo iwe ndo sababu ya kumtoza mnavyotaka.

Nasubiri barua yenu.

Binti yake mkubwa, mshika hati ya mambo yake